Sofa Ilivyotaka Kwenda Unguja Bila Tiketi

Kazi ya kupiga picha za matangazo ukiwa huna ajira kila mteja ni bosi mpya na kila bosi ana wazimu wake. Huyu alikuwa muuza fanicha wa Dar, kaona pwani ya Bagamoyo mtandaoni akapagawa, anataka sofa yake mpya, nyeupe pee, ipigwe picha ufukweni huku jua linazama baharini. Nikamwambia bosi, huku kwetu bahari iko mashariki, jua linatokea huko baharini linaenda kuzama upande wa Msata. Akaniuliza we mpiga picha au mwalimu wa jiografia? Tukabishana kwenye simu weee, mwisho tukakubaliana tunapiga asubuhi likichomoza, mtu akiona picha atajuaje kama ni macheo au machweo.

Sasa jua la huku karibu na ikweta halina subira. Likishatoa kichwa una dakika chache tu za ule mwanga laini, likipanda kidogo vivuli vinakuwa vikali, macho ya modo yanageuka mashimo na kitambaa cheupe kinaungua kwenye kamera huoni hata mshono. Ndo maana nilisisitiza saa kumi na moja alfajiri kila mtu awe pale. Mimi na dogo msaidizi wangu tukafika giza bado, maji yamekupwa yapo mbali huko. Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, yenye sofa ikaja jua lishaanza kuchungulia. Eti walisimama Mapinga kunywa supu. Supu jamani!

Bosi kushuka tu anasema mchanga mkavu haumvutii, anataka miguu ya sofa iguse maji. Vijana wa kirikuu wakaibeba hadi kwenye maji wakaitua, wakaondoka zao kutafuta chapati kule soko la samaki. Pembeni palikuwa na mzee mvuvi anashona wavu, dogo akamwamkia shikamoo, mzee akaitikia marahaba halafu akasema, "Wanangu, maji yashaanza kurudi hayo." Bosi akamjibu, "Usijali mzee wangu, dakika kumi tu tunamaliza."

Dakika kumi zipi bhana! Modo ni mpwa wake (modo wa kulipwa alimkataa, eti ghali) na mpwa hajamaliza kubandika kope. Alivyomaliza, bosi naye akataka yake akiwa na suti, kisha akampigia mkewe kwa video amwelekeze mito ikaeje. Maji kifundoni, nikasema bosi tuitoe. "Acha, hapo ndo inapendeza!" Maji yakapanda mpaka kwenye mito, na ule upepo wa asubuhi unaotoka bara kwenda baharini ukaja ukabeba reflekta, lile bao letu la kurudishia mwanga. Dogo akaikimbilia reflekta, maana nimemfundisha mwenyewe vifaa kwanza, kugeuka hivi naona sofa inajizungusha taratiiibu, mpwa kakaa juu yake kakunja miguu na gauni lake, anapiga yowe "Mjombaaa!" na safari ya Unguja imeanza.

Sponji ilikuwa bado haijanywa maji ya kutosha, kumbe sofa inaelea vizuri tu. Bosi anaruka ruka ufukweni na suti, mguu hatii majini, viatu vya ngozi hivyo. Mzee hata hakuharakisha. Akaweka wavu chini, akasukuma ngalawa, akachukua pondo, taratibu akaifikia sofa akaifunga kamba akaanza kuivuta, na nyuma yao jua limetulia kabisa. Mimi je? Mimi napiga picha, si ndo nilichoitiwa.

Kufika nchi kavu mzee akasema kuvuta ni elfu ishirini. Bosi, sofa inachuruzika maji, mpwa analia kope zimebaki upande mmoja, yeye anashusha bei hadi elfu kumi! Halafu akachungulia kamera yangu. Akanyamaza. "Hii hapa ya mzee na sofa... hii ndo naiweka kwenye bango!"

Mzee akasikia. "Bango? Kumbe na mimi modo? Basi kuvuta nimekusamehe, bure. We kijana, modo wanalipwa ngapi?" Nikataja bei ile ile aliyoikataa bosi, bila kupepesa. Bosi alinitazama jicho hilo! Mzee akakaa kwenye sofa ile ile inayotoa maji, akakunja nne, akasema hanyanyuki mpaka hela iingie kwenye simu.

Bosi akanigeukia mimi kwa upole, "Mdogo wangu, kwenye salio lako si utanipunguzia, unaona mwenyewe sofa ilivyoharibika?" Sikumjibu. Nikavua viatu, nikaenda kukaa pembeni ya mzee. Dogo naye akaja na reflekta yake, akasema, "Sogeeni basi."