Keloidi tunazo sisi, dawa inajaribiwa kwingine

Kaa kwenye benchi la kinyozi yeyote wa Magomeni, Bagamoyo, jioni ya Alhamisi watu wakijiandaa kwa Ijumaa, uangalie visogo. Huyu ana vipele vigumu vimejipanga chini ya nywele, yule vyake vimeshaungana vikawa uvimbe mmoja unaong'aa, na kinyozi kabla hajawasha mashine anauliza, "Kaka, kisogoni nifike?" Jibu ni lile lile: "Pitisha juu juu tu, usikwangue." Ukipita sokoni utakutana na ndewe zilizoota nyama baada ya kutogwa, na vijana wenye kovu nene la ekzosi ya bodaboda kwenye mguu, ilhali palipoungua palikuwa padogo tu.

Madaktari watanikosoa kwamba vile vipele vya kisogoni si keloidi kamili, ni jamaa yake. Sawa. Kovu la kawaida, hata likivimba, hubaki ndani ya mipaka ya jeraha. Keloidi huvuka mpaka na kuingia kwenye ngozi ambayo haikuguswa kabisa. Huwasha usiku, huuma nguo ikisugua, na wanaoipata zaidi ni watu wenye asili ya Afrika na Asia. Wengi hudhani ni weusi wa ngozi ndio unaoileta. Utafiti uliofanyika Tanzania na kuchapishwa 2015 ulikuta wenye ualbino nao wanapata keloidi karibu sawa na wengine. Kwa hiyo chanzo si rangi, damu ya ukoo ina sehemu yake, na hakuna cha kujichubua kitakachosaidia.

Nayasema haya kwa sababu kuna dawa za aina mpya zinazotafutwa za kuzuia makovu haya tangu siku ya jeraha, nazo ni peptidi, yaani minyororo mifupi ya amino asidi, vile vipande vinavyounda protini. Msiogope jina. Insulini wanayojidunga wenye kisukari ina amino asidi 51, na tumeshaizoea.

Jeraha linapofunga, mwili hutoa ujumbe uitwao TGF-beta kwenda kwa seli ziitwazo fibroblasti, nazo huanza kutengeneza kolajeni, nyuzi zinazoshikilia ngozi. Kidonda kikishafunga, seli hizo zinatakiwa zipumzike na nyingine zife. Kwenye keloidi hazikomi: ni fundi anayeendelea kupanga tofali hali ukuta umeshafika kwenye mtambaapanya. Mambo hayo hayo yakitokea ndani ya mapafu au ini huitwa faibrosisi, na huko hakuna anayezungumzia urembo, maana mgonjwa anakosa pumzi.

Wanasayansi wameingilia kati kwa njia tofauti. Peptidi iitwayo P144 imenakiliwa kutoka kwenye kipokezi cha TGF-beta chenyewe, ili iunase ujumbe kabla haujafika kwenye seli. Nyingine, aCT1, ina amino asidi 25 na huiga mkia wa protini iitwayo koneksini 43, ambayo hujenga vijia vya mawasiliano kati ya seli na seli. Hii ilitokana na kazi ya maabara ya South Carolina, Marekani. Ilitengenezwa kuwa jeli, ikajaribiwa kwa watu waliofanyiwa upasuaji wa matundu madogo tumboni: mtu huyo huyo mmoja, tundu moja likapakwa jeli na la pili likapata huduma ya kawaida. Baada ya miezi 9 makovu yaliyopakwa yalipewa alama nzuri zaidi. Ya tatu ndiyo inayonivutia kwa sababu ya wavuvi wetu. Inaitwa PXL01, imetolewa kwenye laktoferini, protini iliyomo hata katika maziwa ya mama, nayo ilijaribiwa Ulaya kwa watu waliokatika kano za vidole, ili kovu la ndani lisigandishe kano na kidole kikashindwa kukunja. Anayejua kisu cha kupasulia papa kinavyoteleza ataelewa.

Siimbi sifa tu. Kampuni ya Renovo ya Manchester, Uingereza, ilikuwa na dawa iitwayo Juvista, ambayo ni protini nzima ya TGF-beta 3. Wazo lake lilikuwa tamu: mtoto aliye tumboni katika miezi ya mwanzo akipata jeraha hupona bila kovu, kwa hiyo tuige hali yake. Majaribio ya awali yalileta matumaini, kisha mwaka 2011 lile kubwa la mwisho likashindwa.

Sasa hapa ndipo nina ugomvi na utaratibu mzima. Keloidi haimpati mnyama. Panya hana, nguruwe hana, na sikio la sungura ambalo watafiti hulitumia hutoa kovu lililovimba tu. Maana yake dawa haiwezi kuthibitishwa kwenye banda la wanyama. Lazima ithibitishwe kwa binadamu ambaye ngozi yake ina tabia hiyo. Ukiipima Ulaya kwa mtu ambaye kovu lake lingetulia lenyewe, umepima nini? Labda umepima jinsi ya kulifanya kovu zuri lipendeze zaidi. Ni biashara halali, lakini mwenye shida yuko huku.

Na huku uwezo upo. Taasisi ya Afya Ifakara ina kituo hapa Bagamoyo, na jaribio la chanjo ya malaria ya RTS,S lililoanza 2009 lilikuwa na vituo 11 katika nchi 7 za Afrika, Bagamoyo kikiwa kimoja na Korogwe, kwa majirani zetu wa Tanga, kingine. Baadaye R21, chanjo nyingine ya malaria, nayo ikajaribiwa hapa. Kwenye hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo cha kufundisha madaktari wa ngozi kilichofunguliwa 1992. TMDA, mamlaka ya dawa, wapo wa kutoa kibali; NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, wapo wa kukagua maadili. Watu wa kuwajaribu? Anzeni na wenye keloidi tayari ambao wanakwenda kufanyiwa upasuaji wa ngiri. Jeraha lao ni safi, tarehe inajulikana, jeli inawekwa siku ile ile.

Najua neno litakalofuata: tunageuzwa panya wa majaribio. Nalielewa, na wazee wangu wakilisema sicheki. Ila kutojaribiwa nako kuna gharama. Dawa itasajiliwa kwa vipimo vya ngozi nyingine, itafika Dar es Salaam kwa bei ya kuruka, na sisi ndio tutakaogundua kama inafanya kazi, kwa hela zetu na bila daktari anayeandika matokeo.

Tena tayari tunajaribu kienyeji. Seramu za "peptide" zinauzwa Instagram na kwenye maduka ya vipodozi, watu wanapaka kwenye keloidi ya miaka mitatu. Ngozi iliyofunga haipitishi kirahisi molekuli kubwa, na peptidi nyingi ni kubwa. Jeli ya kwenye utafiti iliwekwa kwenye jeraha bichi. Seramu ile italainisha ngozi, basi.

Kwa sasa kilichopo ni sindano ya triamsinoloni, dawa ya jamii ya steroidi, ndani ya kovu kila baada ya wiki 4 hadi 6, na vipande vya silikoni vinavyobandikwa saa nyingi kwa miezi. Kukata peke yake ni kujitafutia balaa, kwani keloidi hurudi kwa nusu ya waliokatwa au zaidi. Asiyeahidiwa sindano au mionzi baada ya kisu aondoke hapo.

Jaribio likija, ningependa tuliwekee masharti. Kundi la kulinganishwa lipewe triamsinoloni, si jeli tupu. Bei ya baadaye izungumzwe kabla ya mtu wa kwanza kutia dole gumba. Na ufuatiliaji uwe miaka 2, kwa sababu keloidi inaweza kurudi mwaka umeshapita na ripoti imeshachapishwa. Hapo watafiti wajipange kweli kweli. Mvuvi wa hapa huenda dago miezi, na laini aliyoandikisha kliniki Machi, ikifika Septemba inatumiwa na mdogo wake. Wachukue namba ya mke, ya mama mkwe na ya nahodha wa chombo.