Uma Mbili za Soutine

Mtu akiniambia kwamba picha za vitu vya nyumbani ni zoezi la wanafunzi, kazi ya kuzoeza mkono kabla ya kuthubutu kuchora sura za watu, humwonyesha picha moja tu: ile ya samaki aina ya heringi aliyoichora mchoraji Chaïm Soutine mnamo mwaka 1916 hivi. Hamna mtu ndani yake. Kuna sahani, samaki watatu waliokonda, na uma mbili zilizolazwa juu yao, moja upande huu na nyingine upande ule.

Hizo uma ndizo zinazonikera usingizini. Meno yake yamepinda na kuachana kama vidole, na mpini umenyooka kama mkono uliobaki mfupa, hata mtazamaji akahisi kwamba wapo watu wawili wenye njaa waliofika pamoja kwenye sahani isiyomtosha hata mmoja. Soutine, aliyezaliwa mwaka 1893 katika familia maskini ya Kiyahudi karibu na Minsk na kuhamia Paris mwaka 1913, aliijua njaa hiyo, na heringi kilikuwa chakula cha wasio na kitu.

Wapo wanaodai kwamba wachoraji wa mkondo wake, ule wa ekspresheni unaotanguliza hisia kuliko sura halisi ya vitu, hupotosha maumbo kwa sababu hawajui kuchora. Sikubaliani nao. Asiyejua kuchora hukosea popote, ilhali hapa upotoshaji umewekwa pale pale panapouma.

Nadhani sisi tuliolelewa kwa kula kwa mkono tunaipata picha hii kwa njia yetu. Nyumbani kwetu uma zilikaa kabatini zikimngoja mgeni, na zilipotoka zilikuwa ishara ya heshima na shibe; Soutine amezigeuza tena kuwa mikono, na heshima yote imezitoka.

Baadaye, Mmarekani Albert Barnes, mkusanyaji wa sanaa, aliponunua makumi ya picha zake mwanzoni mwa miaka ya 1920, umaskini ulimwachia, naye akaanza kutundika mizoga ya ng'ombe ndani ya studio na kuichora hadi majirani wakalalamikia uvundo. Picha hizo zinasifiwa zaidi, na rangi yake nyekundu kweli inatisha. Hata hivyo, mzoga unapiga kelele tangu mlangoni, lakini zile uma hazina sauti, na bado hazijamfikisha samaki hata mmoja kinywani.