Mlinzi Amelala, Mimi Niko Zamu

Jamani, mimi nilitaka mlinzi. Mtoto wa kulea sikumtaka, watoto ninao, na ni haohao walioapa kwa pamoja kwamba mbwa akija kazi zote ni zao. Leo uliza zamu ni ya nani: mmoja ana mtihani, mwingine tumbo linamkata, wa tatu haonekani kabisa. Zamu ni ya baba.

Basi saa nane usiku utanikuta uani nimejifunga shuka, tochi mkononi, nambembeleza kiumbe asiyenifika hata gotini akojoe. Hakojoi. Ananusa jani. Anaondoka, anarudi kulinusa tena, pengine limebadilika. Anafukuza mdudu. Mwizi akichungulia muda huo ataona nyumba ina ulinzi mkali, na kweli inao, ni mimi. Tukikata tamaa tukaingia ndani, hatua ya pili tu kutoka mlangoni, shwaa! Katikati ya zulia.

Daktari wa mifugo anasema mtoto wa mbwa hubana mkojo kwa saa moja hivi kwa kila mwezi wa umri wake. Wa miezi miwili, saa mbili. Haya, ugawe usiku mwenyewe. Na atolewe tena kila akiamka, kila akimaliza kula, kila akimaliza kucheza. Nikasikia kwamba kwa siku hulala saa 18 hadi 20, nikashusha pumzi. Kumbe hazilali kwa mpigo! Analala vipande vipande, na kila kipande kikiisha, nje. Mchana kutwa anakoroma, mimi nasinzia kwenye kikao kazini, bosi ananiuliza kama nina mgonjwa nyumbani. Nimjibu nini?

Kumgombeza nako haifai. Ukikuta dimbwi lililokwisha poa ukaanza kufoka, haelewi unafokea nini. Mke wangu huniambia, "Mtazame masikini, anajuta." Hajuti huyo! Yale masikio yaliyolala ni kwa sababu ameona sura yangu imevimba, basi. Kwa hiyo nafuta kimyakimya, tena nafuta kwelikweli, maana harufu ikibaki atarudi palepale akijua ndipo choo kilipo. Ila akikojolea nje, hapo ni shangwe: sifa na kitafunwa papo hapo, kwani ukichelewa sekunde chache ataamini amepongezwa kwa kutazama kipepeo. Mimi nimefanya kazi miaka mingi na sijawahi kupigiwa makofi kwa kutoka chooni.

Meno sasa. Ana meno 28 ya utotoni, yote makali, na yakishaanza kung'oka kupisha yale 42 ya ukubwani, fizi zinamwasha na kila kitu ndani ya nyumba ni cha kutafunwa. Nimemletea mpira maalumu. Anaupenda sana, huulalia huku akitafuna kandambili yangu. Ya kushoto. Ya kulia hana habari nayo.

Lakini kilichonimaliza ni chanjo. Zinakwenda kwa awamu, kila baada ya wiki tatu au nne, mpaka afikishe kama wiki 16, na kabla hazijakamilika asikanyage wanakopita mbwa wengine, anaweza kupata parvo, ule ugonjwa wa virusi wa kuharisha unaoua watoto wa mbwa. Nikasema vizuri, akae ndani. La hasha! Wataalamu haohao wanasema asipozoeshwa watu, miavuli, pikipiki na makelele kabla ya wiki 14 hivi, anaweza kuja kuwa mwoga maisha yake yote. Yaani asitoke, ila aione dunia. Ufumbuzi wao? Umbebe. Nami jioni nakatiza mitaa na mlinzi wangu kifuani, amejikunja ananilambalamba kidevu, watu wananipisha njia kwa adabu wakidhani natoka hospitali. Mzee mmoja akaniuliza, "Anauma huyo?" Nikamwonyesha vidole vyangu.

Mafunzo yenyewe ni dakika chache kwa mara moja, kisha akili yake inahama. Sharti nyumba nzima iwe na kauli moja. Ipo wapi? Mimi nakataza kochi, mke wangu anamruhusu "kwa leo tu," na hiyo leo haijaisha. Afadhali ameshajua kukaa akiamriwa, ingawa hukaa akinitazama mfukoni. Mfuko ukiwa mtupu, usikivu unapotea. Daktari akacheka. Akasema nisubiri miezi sita na kuendelea, akibalehe, ndipo atajifanya amesahau hata hayo machache.

Juzi usiku geti liligongagonga. Nikasema moyoni, leo ndiyo leo. Simba (watoto ndio waliompa jina hilo) akainua kichwa, akasikiliza kwa makini sana, akaja akajificha nyuma ya miguu yangu, kisha akanisukuma kwa pua nikaangalie. Nikaenda. Alikuwa paka wa jirani, na wala hakujisumbua kukimbia.