Mdoli Ana Meno 32, Mimi Nina 31

Kwenye chuo chetu cha uuguzi mwenye kinywa safi ni mmoja tu, naye ni mdoli wa kujifunzia. Tunamwita Babu. Yupo kitandani kwenye chumba cha mazoezi tangu sisi tukiwa sekondari, hali, hanywi, na wiki ya mtihani anasafishwa kinywa mara arobaini kwa siku. Ulimi unafutwa, ufizi unafutwa, mashavu kwa ndani, mpaka kule kona ya nyuma ambako kwangu mwenyewe sijawahi kufika. Na sisi tunaomsafisha tumetoka bwenini mbio, nusu yetu mswaki tumeuona tu ukining'inia msumarini.

Usiniangalie hivyo. Njoo kwanza uone sinki letu.

Sinki ni moja, watu kumi na wanne. Mkufunzi anasema dakika mbili, asubuhi na usiku kabla ya kulala. Sawa. Kumi na wanne mara mbili ni ishirini na nane. Maji yanatoka saa kumi na moja na nusu, saa kumi na mbili kasorobo yameshakata. Kwa hesabu hiyo watu saba wataingia wodini na meno na saba wataingia na imani. Na hapo sijamtaja yule wa chumba namba tatu anayepiga mswaki huku anaangalia video kwenye simu, povu limefika kidevuni, yeye anacheka. Utasema hicho ni kisingizio, si nichote maji kwenye kikombe nikasimame nje kwenye michongoma? Kikombe kipo. Kina uji.

Lakini kwenye karatasi, ndugu yangu, sisi ni moto. Niulize. Mswaki unabadilishwa kila baada ya miezi mitatu, au nywele zake zikianza kuchanuka hata kabla. Wa kwangu nywele zimelala huku na huku kama majani ya uwanja baada ya fainali ya mchangani. Ukimaliza kupiga mswaki tema povu, usisukutue na maji mengi, ili floraidi, ile ya kwenye dawa ya meno inayoyalinda yasitoboke, ibaki kwenye meno ifanye kazi. Mwenye kisukari ufizi wake unaugua upesi, na ufizi ukiugua, sukari nayo inakuwa mbishi kushuka. Mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia kinywa chake kisiposafishwa, uchafu unateremka mapafuni, unasikia nimonia. Niamshe saa nane za usiku nitakueleza yote haya bila daftari. Ila ukinikuta saa nane za usiku utanikuta na soda mkono huu na biskuti mkono huu, maana zamu ya usiku bila sukari hufiki alfajiri.

Darasani kuna kila aina ya mtu. Kuna dada mmoja anasugua meno kama anasugua sufuria la makande, mpaka ufizi umerudi nyuma wenyewe kwa woga. Kuna jamaa yetu wa Arumeru, kule Arusha, huyu namhurumia kweli. Maji ya kwao yana floraidi nyingi, amekunywa tangu utotoni, meno yametoka ya kahawia. Si kule ndiko kuna mahali panaitwa Maji ya Chai? Huyu ndiye anayepiga mswaki kuliko sisi wote na hana hata jino moja lililotoboka. Lakini akisimama mbele ya wagonjwa kufundisha, kuna bibi lazima amwambie, “Mjukuu wangu, anza na wewe.” Mimi nina meno meupe, natabasamu, napigiwa makofi, na huku nyuma kuna pango.

Hilo pango nililijua tangu mwaka wa kwanza. Gego la chini, kushoto. Ulimi wangu ulikuwa unakwenda kulitembelea kila baada ya kula, kama mtu anayekwenda kukagua kiwanja chake. Daktari wa meno yuko jengo la jirani, hatua themanini. Sikwenda. Kwa nini? Halijauma. Hiyo ndiyo falsafa ya darasa zima. Siku moja mkufunzi aliuliza nani amewahi kwenda kuangaliwa meno akiwa haumwi. Kimya. Mkono mmoja ukanyooka nyuma. Alikuwa anafungua dirisha.

Halafu nyumbani sasa! Nikienda likizo mimi ni dokta. Mjomba ananifunulia kinywa mezani, wali bado umo. Nikiwaambia mimi nasomea uuguzi, wanafikiri kidogo, wanasema, “Aaa, sista wa kiume,” na kinywa kinabaki wazi vilevile.

Wiki iliyopita gego likaamka. Saa sita usiku. Maumivu yanapiga na moyo, yanapanda sikioni, yanazunguka kisogoni, yanarudi. Nikampigia mama. Mama akasema weka karafuu. Nikaenda kuomba karafuu kwa jirani wa bweni, nikaibana pale, nikajifunika shuka. Baada ya dakika kumi mwenzangu wa kitanda cha juu akaamka ananusa hewa. “Kuna shughuli wapi? Nasikia pilau.”

Asubuhi, kwa bahati yangu ilivyo, zamu ya kutoa elimu ya afya kwenye mabenchi ni yangu. Mada kaipanga matroni. Afya ya kinywa. Nikasimama na shavu kama nimeficha andazi, nikawaambia akina mama, “Jamani, msisubiri mpaka jino liume!” Mama mmoja wa kitenge cha njano akainua mkono. “Mwanangu, hilo shavu vipi?” Nikamjibu nyuki.

Saa nne nimeketi nje ya chumba cha meno, nimevua koti la chuo nimelikunja kwapani, nimeinama. Anayekuja kukaa pembeni yangu ni nani? Kitenge cha njano, kamleta mtoto. Akaniangalia, akaangalia kibao cha mlangoni, akaniangalia tena. “Kumbe nyuki siku hizi wanang'olewa?”

Ndani daktari akaniuliza tangu lini. Nikasema juzi. Akamulika taa, akagonga jino kidogo, nikaona nyota. “Hili lina mwaka na zaidi,” akasema. “Ungekuja mapema ningeziba tu.” Kisha akachukua sindano ya ganzi. Mimi huyu nimeshachoma watu sindano, nimewaambia “pumua, haumi,” na waliponitazama kwa chuki niliwaona waoga. Miguu yangu ikanyooka yenyewe nje ya kiti. Naye, kama ilivyo desturi yao, alipoona kinywa kimejaa vyuma ndipo akaanza maongezi. “Unasoma mwaka wa ngapi?” Nikasema, “Aaha a ihi.” Akasema, “Ahaa, wa pili.” Sijui wanasomea wapi lugha hiyo.

Likatoka. Akaniwekea pamba: ng'ata nusu saa, leo usisukutue, usiteme mate, chai ya moto acha. Mambo hayo nimeyajibu kwenye mtihani mwezi wa tatu nikapata maksi zote, na pale nikawa naitikia kwa kichwa kama ndiyo nayasikia mara ya kwanza.

Nimetoka pale, ndipo nikakumbuka. Saa sita kamili. Mtihani wa vitendo. Usafi wa kinywa kwa mgonjwa asiyejitambua.

Babu alikuwa amelazwa ubavu kama inavyotakiwa asije akapaliwa, kinywa wazi, meno 32 yamejipanga yanameremeta. Nikavaa glavu. Mkufunzi akakaa na karatasi yake. “Haya, jitambulishe kwa mgonjwa. Hata kama hajitambui, huenda anasikia.”

“Mmmh,” nikasema. Pamba bado imo.

“Mweleze unachotaka kumfanyia.”

“Mm. Mmh.”

Akaandika kitu. Nikachungulia: mwanafunzi haongei na mgonjwa. Maksi mbili hizo, zimekwenda. Nikaona bora nionyeshe kwa mikono. Nikainama juu ya Babu, nikashika koleo na gozi, kile kitambaa cha kufutia, vizuri kabisa, nikaanza na magego ya juu, na mdomo wangu upande wa kushoto, ambao kwa ganzi ile sikujua hata kama bado ninao, ukafunguka. Mate na damu, tone moja zito, pwa! Shavuni kwa Babu.

Mkufunzi akaliangalia lile tone. Akaniangalia mimi.

“Vua glavu,” akasema. “Nawa. Anza upya.”