Shoksi Haisikii Muziki

Kwa wasiojua mambo ya tuktuk za Mombasa niwaambie mapema, tuktuk ikitoka dukani huwa haijaisha. Kampuni imekuuzia injini, bodi na tairi tatu, kuimalizia ni juu yako. Abiria akishuka Ferry, pale kivukoni Likoni, akakuta tuktuk mbili, moja imenyamaza na moja yapiga taarab mpaka chenji zacheza kwenye dashibodi, ataingia ile ya taarab hata kama ishajaa na itabidi akaliwe mapaja. Ndo biashara yenyewe hiyo, na mdogo wangu Swaleh aliielewa kabla hata hajajua kupiga rivasi vizuri.

Tuktuk ni ya mamangu. Alipokea zamu yake ya chama, akaongezea mkopo, akanunua mpya kabisa, viti bado viko kwenye nailoni, na ile nailoni akakataa katakata isitolewe, kwa hivyo abiria walikua wakiteleza kila kona mpaka wengine wajikuta wako upande wa pili bila kutaka. Ilikuja na kijitabu cha waranti ya mwaka mmoja, ile ahadi ya kampuni ya kutengeneza bure, na koponi za servisi za bure, na kwa vile mimi ndo niliyesoma nyumba ile, nikakabidhiwa nikiweke. Nikakisoma. Kimesema wazi, ukiongeza vifaa vya umeme ambavyo kampuni haijavikubali, ukikata waya, ukitoboa bodi au kuichomelea, waranti usiiulize tena. Nikamsomea Swaleh neno kwa neno akanisikiliza kwa adabu, alafu akaniambia, "Kaka, hiki kimeandikwa na watu hawajawahi kupanga foleni Ferry."

Akaenda kwa fundi wa muziki mmoja anaitwa Injinia. Injinia wa nini hakuna ajuaye, karakana yake ni kivuli cha mwarobaini kule Sparki na cheti chake ni zile tuktuk zinazotoka pale zikipiga kelele. Injinia akaweka spika mbili nyuma, akaweka taa za zambarau chini ya bodi, akaweka honi ya sauti ya feri ambayo ilifanya mzee mmoja pale Mwembe Tayari akimbie na tasbihi mkononi, alafu chini ya kiti cha abiria akaficha wufa, ile spika kubwa ya besi, pamoja na ampu ya kuipa nguvu. Fyuzi ikawa yakatika kila wufa ikishuka besi. Injinia hakuhangaika kutafuta kwa nini yakatika, alichukua karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara akaikunja akaichomeka pale, fyuzi haikukatika tena. Wallahi nilipoiona ile nilirudi nyuma hatua kadhaa, maana fyuzi kazi yake yote duniani ni kukatika, ndo ikatike yeye waya zisiungue.

Ikaanza kuzima betri. Jioni Swaleh akiwasha taa, muziki na zambarau zake kwa pamoja, starta yalia kidogo, yanyamaza. Ikawa kila magharibi tuktuk mpya, yenye nailoni, yasukumwa na tuktuk nzee, dereva wa nyuma ametoa mguu ameuweka kwenye bampa letu, na yuwasukuma huku yuwacheka. Mama akasema ni hasad. Akafukiza ubani tuktuk nzima na kisanduku cha dashibodi, abiria wa asubuhi ile wote walishuka wanukia harusi. Betri ikazima vilevile.

Mama naye alikua ameweka keria yake nyuma ya kubebea nazi kutoka Kongowea, ameichomelea kwa mtu wa jua kali palepale sokoni, lakini hiyo haikuhesabiwa maana si urembo, ni kazi.

Siku ya pili yake tuktuk ikafa. Si ile ya kuzima betri, hii ilikufa kabisa katikati ya barabara pale Marikiti, imebeba mama mwenye maembe na wanafunzi, na hata ikisukumwa haishiki. Swaleh akanipigia simu nikiwa kazini, sikusikia salamu, nilisikia tu, "Waranti! Kaka si tuna waranti!" Nikamwambia tulikua nayo. Akanyamaza kidogo alafu akasema, "Kwani watajuaje?"

Hapo ndo ukaanza usiku wa kazi. Mama alikalia kigoda pale uani na tochi yake akisimamia, maana kwa maoni yake kosa lote ni la muziki na alilisema kabla hata ya ubani, jambo ambalo si kweli lakini nani angebishana naye. Tukatoa taa za zambarau. Tukatoa spika, zikaacha matundu mawili ya duara ambayo ngumi yapita. Swaleh akataka kuyaziba kwa bazoka, tukatafuna mpaka taya zikauma, haikutosha hata robo ya tundu moja. Mama akaingia ndani akatoka na stika mbili za Mashallah alizokua ameziweka za mlango wa friji, tukabandika juu ya matundu, na kusema kweli zilikaa vizuri. Honi ya feri ikatoka. Ampu na wufa ndo zikakataa, Injinia alikua amezipiga ribiti na bolti zimeshapata kutu na ile chumvi yetu ya bahari, kila tukizungusha bolti yazunguka na kiti. Swaleh akasema wacha tu, betri imekufa, haitalia, nani atainua kiti.

Mimi nikaingia intaneti kutafuta silaha. Nikakuta Marekani wana sheria ya mwaka 1975, yaitwa Magnuson-Moss, ambayo huko mwenye kuuza gari hawezi kukunyima waranti yote ati kwa sababu tu umeweka kitu kisicho chake, lazima aonyeshe kile kitu ndicho kilicholeta ule uharibifu. Nikafurahi sana. Alafu nikakumbuka na sisi tuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, ambayo yasema bidhaa uliyouziwa lazima iwe na ubora unaostahili, nikazikariri zote mbili nikalala nikiwa wakili.

Asubuhi tukavutwa kwa kamba kutoka Majengo, Sabasaba, mzunguko wa Makupa mpaka Shimanzi kwenye karakana ya wauzaji. Mama alikaa nyuma juu ya nailoni, amevaa buibui la kutokea, amesema yeye ndo mwenye mali na yuwaja kusema nao. Pale tukapokewa na mkuu wa karakana, mtu wa makamo, mpole, ameweka bisibisi ya kupimia mfukoni mahali watu huweka kalamu. Akamuamkia Mama vizuri kabla hajaangalia tuktuk, na hapo tu nikajua huyu si wa kumchezea.

Akauliza, "Mumeongeza chochote kwenye umeme?"

Swaleh akasema, "Hakuna kitu. Hata redio haina. Mie muziki siupendi."

Mama akamuangalia mwanawe kwa jicho lile la kuuliza huyu nimemzaa lini.

Mkuu akatazama zile stika za Mashallah, akazipapasa kwa kidole gumba, kidole kikazama ndani. Hakusema kitu. Akazunguka nyuma akatazama keria, akaguna, pia hakusema kitu. Akamwambia kijana wake, "Lete betri nzima tuipime."

Nataka muelewe kwamba mpaka hapo mpango ulikua sawa. Betri yetu ilikua imekufa, ampu imekufa nayo, siri iko chini ya kiti. Lakini Injinia, kwa ule uinjinia wake, alikua ameiunga ampu moja kwa moja na betri, hata swichi hajaweka. Kijana akaunga betri nzima, na kutoka chini ya makalio ya mamangu, kwa sauti ya yule mwanamke wa kwenye ampu za Kichina, karakana nzima ikasikia:

"ZE BLUETOOTH DIVAISI IZ REDI TU PEA!"

Mama aliruka na buibui lake akatua sakafuni akisoma Ayatul Kursi. Mafundi wakaacha spana. Swaleh akafungua mdomo, nafikiri alitaka kusema ni simu ya mtu, lakini kabla hajasema ile ampu ikaitambua simu yake yenyewe mfukoni na ikatangaza tena, "KONEKTED!" kwa furaha kubwa. Na mimi nilikua bado nina matumaini, nawaambia ukweli, nilikua nafikiria vile nitaingiza ile sheria ya 1975, sasa hivi hivi simu ya Swaleh ikaita. Simu ikiita na iko kwenye Bluetooth mwito watoka kwenye wufa. Swaleh akaingiza mkono mfukoni kuikata, na kwa ile mitetemeko ya vidole akaipokea.

"Oya Swaleh!" Ni Injinia, kwa besi. "Wameshaiona ile ampu? Usiwaonyeshe chini ya kiti mwanangu, na ile karatasi ya sigara kwenye fyuzi itoe, wakiiona hiyo waranti imekufa!"

Kimya. Injinia akaendelea, "Hallo? Swaleh? Na ile deni yangu ya spika vipi?"

Mkuu wa karakana alijiinamisha pale kwenye kiti kwa heshima zote akasema, "Salaam aleikum fundi, tumeiona," akachomoa waya.

Basi nikaona wakati ni huu. Nikakohoa nikatoa Marekani, nikatoa 1975, nikatoa na 2012 yetu, kwamba lazima muonyeshe hiki kimeharibu kile, hamuwezi tu kufunga kitabu. Nilidhani atakasirika. Akasema, "Sasa Marekani yako iwache huko. Kijitabu chetu nikikifuata neno kwa neno hata hii stika tu yatosha. Lakini twende hivyo hivyo unavyotaka, tuone nini kimeharibiwa na nini."

Na akafanya, tena mbele yetu. Kwanza ikabidi iwake, na haikua yawaka kwa sababu CDI imeungua, kile kidude kinachopeleka cheche kwenye plagi. Akaazima CDI ya karakana, ikawaka kwa mkupuo mmoja. Akaweka mita kwenye betri, bila muziki, ikasoma volti 14 na kidogo. Akamwambia Swaleh washa ampu yako na taa, mita ikashuka chini ya 12. "Ushaona? Magineto ni nzima, regyuleta ni nzima, mashine yachaji vile ilivyoundwa. Ni nyinyi mwala kuliko inavyopika. Betri inalala njaa kila siku mpaka ikafa. Betri hiyo hatulipi."

Mama akamgeukia Swaleh. Aliyoyasema siyaandiki, lakini yalianza na mimba yake na yakapita ule mwaka aliofeli hesabu, na mafundi wote wakajifanya wana kazi.

Akapumua. Akauliza, "Na hiyo sidiai, ni muziki pia?"

Mkuu akajikuna kichwa. Akauliza polepole, "Bi mkubwa, hii keria ilichomelewa wapi?"

"Kongowea."

"Betri ilitolewa kwanza?"

"Itolewe ya nini, keria iko nyuma na betri iko huko."

Akamueleza, tena kwa upole ule ule, kwamba mashine ya kuchomelea yapitisha umeme mwingi kwenye bodi nzima, na betri na vidude vya umeme vikiwa bado vimeungwa, ule umeme hutafuta njia, na njia yake ilikua CDI. Kwa hivyo aliyeua betri ni Swaleh, lakini kilichozima tuktuk pale Marikiti ni keria. Swaleh alianza kutabasamu kwenye pembe moja ya mdomo, nikamkanyaga mguu. Mama alikaa kimya muda mrefu kuliko nilivyowahi kumuona akikaa kimya, alafu akasema, "Yule kijana wa Kongowea tangu mwanzo sikumpenda uso wake."

Na ile sehemu iliyochomelewa ishaanza kutu, akatuonyesha, rangi imebabuka na hewa ya bahari haisubiri, kwa hivyo na rangi ya huko nyuma pia tujihesabie wenyewe. Pamoja na matundu ya spika.

Nikawa nimeshakata tamaa. Akainama pale mbele akatazama gurudumu, akapitisha kidole, kikatoka na mafuta. Shoksi ya mbele, ile ya kumeza mashimo ya barabara, yavuja. Swaleh hakua hata ameiona. Mkuu akachukua fomu akaanza kuandika, akasema hii tunabadilisha bure.

Mimi na sheria zangu mbili nikamuuliza, kwani kijitabu si kimesema ukiongeza ampu waranti yote yaisha?

"Kimesema," akajibu bila kuinua kichwa. "Lakini shoksi haisikii muziki."

Basi ikawa hivyo. Shoksi bure, servisi ya koponi bure na zilizobaki akasema ni halali yetu, CDI na betri tukalipa, waya zilizokatwa akaziandika kabisa kwenye faili pamoja na picha ya ile karatasi ya sigara, ambayo nasikia sasa iko kwenye simu za mafundi wote wa Shimanzi. Muziki akasema ukitaka weka, lakini redio ndogo, yenye fyuzi yake ya kweli, na ukija hapa na tatizo la umeme usije na wakili. Alisema huku akiniangalia.

Mama alihesabu pesa kutoka ndani ya leso, noti moja moja, akimkatia Swaleh kwenye hesabu ya wiki kila noti ikitoka, ile ya CDI pia, nikaona Swaleh ataka kusema ya keria si yangu, akaangalia uso wa Mama akameza. Tukiwa tushapanda akamuita tena mkuu dirishani, tuktuk haina dirisha lakini mumenielewa.

"Na mapazia, mwanangu? Yale ya shanga. Yaua waranti?"

"Mapazia hayana neno, Bi mkubwa."

"Na maua ya plastiki?"

"Hayana neno."

"Na tukiyawekea vitaa vidogo vidogo vya kuwaka-waka?"

Mkuu wa karakana akafunga faili akaingia ndani.