Wenye Shauri Kwanza: Majalada ya Mahakama, Ohio na Nyumbani

Sisi Watanzania tunaoishi Marekani tunapenda kusema kwamba mahakama za huku ziko wazi na za nyumbani zimefungwa. Kauli hiyo ina ukweli, lakini ukweli wake ni wa upande mmoja tu, na kila ninapoisikia naona inatupeleka kudai kitu ambacho hatukihitaji huku tukiacha kile tunachokihitaji sana.

Ninaishi Columbus, katika kaunti ya Franklin, jimbo la Ohio. Mtu yeyote hapa, awe raia au mgeni, awe mhusika wa shauri au jirani mwenye umbeya tu, anaweza kufungua tovuti ya karani wa mahakama, akaandika jina la mtu na kuona mashauri yake: madai, jinai, makosa ya barabarani, hata kesi ya kudaiwa kodi ya nyumba. Haulizwi sababu wala halipi chochote kwa kutafuta. Kanuni za Mahakama ya Juu ya Ohio zinazohusu kumbukumbu hizo, zilizoanza kutumika mwaka 2009, zinasema kwamba kumbukumbu za mahakama huchukuliwa kuwa wazi kwa umma, na mahakama haiwezi kuzifunga bila kuwa na ushahidi wa kuridhisha kwamba kuna maslahi makubwa zaidi ya kulindwa. Msimamo huo si wa Ohio peke yake, kwa kuwa tangu mwaka 1978, katika shauri la Nixon dhidi ya Warner Communications, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitambua haki ya jumla ya umma kukagua na kunakili kumbukumbu za mahakama, ingawa ilieleza pia kwamba haki hiyo ina mipaka.

Anayedhani kwamba uwazi huo umepangwa vizuri, ajaribu kutafuta shauri asilojua lilifunguliwa kaunti gani. Ohio ina kaunti 88, kila moja ina karani wake na mfumo wake, na hata ndani ya kaunti yetu mashauri ya mirathi yana mahakama yake na sehemu yake ya kutafutia. Mahakama za shirikisho nazo zina mfumo uitwao PACER, ambao hutoza senti 10 kwa kila ukurasa, kwa kikomo cha dola 3 kwa waraka wa kawaida, na husamehe malipo kama matumizi ya robo mwaka hayakuzidi dola 30. Kwa upande mwingine, hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani ya Tanzania zinapatikana bure kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, na mtu aliye Sumbawanga mwenye simu yenye bando anaweza kusoma uamuzi wa Mahakama ya Rufani bila kumwomba mtu yeyote. Katika jambo hili sisi hatuko nyuma, na ninashangaa jinsi tunavyolinyamazia.

Tatizo letu liko chini, katika mahakama ya mwanzo. Huko ndiko yanakoanzia na mara nyingi kuishia mashauri ya watu wa kawaida: mirathi, talaka, madai madogo, ugomvi wa majirani. Mwenendo wa shauri kwa muda mrefu umekuwa ukiandikwa kwa mkono wa hakimu na kuwekwa katika jalada la karatasi, na jalada hilo linakaa masjala. Mahakama ya mwanzo imetumia Kiswahili miaka yote, wakati mahakama za juu ziliendelea kuandika kwa Kiingereza hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Matokeo yake ni ya ajabu kidogo: sehemu kubwa ya hukumu zilizopo mtandaoni ziko katika lugha ambayo mwenye shauri wa kijijini haisomi, na zile ambazo angezisoma bila mkalimani zimefungiwa kabatini.

Nalisema hili kwa sababu limenigusa. Baba yetu alipofariki, mirathi ilifunguliwa katika mahakama ya mwanzo nikiwa huku, na ndugu mmoja akateuliwa kuwa msimamizi. Kanuni za usimamizi wa mirathi katika mahakama za mwanzo za mwaka 1971 zinamtaka msimamizi, ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa au muda zaidi ambao mahakama itaruhusu, awasilishe orodha kamili ya mali na madeni ya marehemu katika Fomu Namba 5, kisha atoe hesabu ya mgawanyo katika Fomu Namba 6. Nilichotaka ni nakala ya fomu hizo mbili, basi. Binamu yangu aliyekwenda kuniombea aliambiwa kwanza kwamba jalada liko kwa hakimu, baadaye kwamba hakimu amehamishwa, halafu kwamba karani mwenye funguo za masjala ana udhuru. Sikuombwa rushwa, wala simtuhumu mtu yeyote kwa nia mbaya. Karani yule alikuwa peke yake akihudumia watu waliojaa barazani tangu asubuhi. Jalada lilipopatikana hatimaye, lilikuwa limetunzwa kwa uangalifu, mwandiko wa hakimu ukisomeka kila mstari. Kazi ya mahakama ilikuwa imefanyika, ila sisi warithi tulio mbali hatukuwa na njia ya kuiona.

Mtu akifariki hapa Ohio, msimamizi wa mali yake anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali ndani ya miezi mitatu tangu kuteuliwa, muda usiotofautiana sana na wa kwetu. Sheria zinafanana zaidi kuliko tunavyodhani. Kinachotofautiana ni kwamba mrithi wa huku aliye jimbo jingine hafuatilii kwa kumtuma binamu, na msimamizi analijua hilo tangu siku anapokula kiapo. Kwetu, msimamizi mwenye tamaa anajua kwamba ndugu walioko ughaibuni hawataiona Fomu Namba 5 mpaka nyumba iwe imekwisha kuuzwa. Wakenya wana nafuu moja katika hili, kwa kuwa maombi ya usimamizi wa mirathi hutangazwa katika Gazeti la Serikali na mwenye pingamizi hupewa siku 30, hivyo aliye Dubai au Toronto anaweza angalau kujua kwamba shauri lipo.

Jambo la rufaa linaumiza zaidi. Asiyeridhika na uamuzi wa mahakama ya mwanzo ana siku 30 za kukata rufaa mahakama ya wilaya. Wanasheria hutukumbusha kwamba katika rufaa ya namna hiyo si lazima kuambatanisha nakala ya hukumu, na ni kweli, lakini sijui mtu ataandikaje sababu za rufaa dhidi ya hukumu ambayo aliisikia ikisomwa mara moja tu, tena akiwa na hofu, au ambayo hakuisikia kabisa kwa sababu alikuwa zamu ya usiku kwenye ghala la mizigo upande wa pili wa dunia.

Hata hivyo, wanaotaka tuchukue mfumo wa Marekani kama ulivyo siwaungi mkono. Uwazi wa huku una watu wanaoumia. Mpangaji aliyeshtakiwa na mwenye nyumba, hata kama shauri lilifutwa kwa sababu kodi ilikuwa imelipwa, jina lake linabaki kwenye kumbukumbu mpaka mahakama itakapokubali kuzifunga, na kampuni zinazochunguza wapangaji huzikusanya kumbukumbu hizo na kuziuza kwa wenye nyumba wengine. Sheria ya shirikisho huziruhusu kwa kawaida kuripoti mashauri ya aina hiyo kwa miaka 7. Katika jumuiya yetu hapa kuna familia zilizokataliwa nyumba baada ya nyumba bila kujua sababu. Fikiria mfumo huo ukihamishiwa wilayani kwetu, ambako kila mtu anamjua mwenzake, na mashauri ya talaka na matunzo ya watoto yakawa yanasomwa na mtaa mzima kwenye simu. Mimi singependa.

Ninachotaka mimi ni kidogo kuliko hicho, na kwa maoni yangu ndicho cha haki zaidi: mwenye shauri alione jalada lake kwanza, mgeni baadaye au asilione kabisa. Mahakama ya Tanzania tayari ina mfumo wa kielektroniki wa kufungua na kusimamia mashauri, malipo hufanywa kwa kumbukumbu namba kupitia simu, na Temeke kuna kituo jumuishi kinachoshughulikia mirathi, ndoa na masuala ya familia chini ya paa moja. Kwa msingi huo, haionekani kuwa jambo la mbali kumpa kila mrithi aliyetajwa katika maombi ya mirathi namba ya siri ya kuonea Fomu Namba 5 na 6 popote alipo. Kurasa hizo ni chache na hazihitaji kuchapwa upya. Picha safi iliyopigwa siku fomu inapopokelewa inatosha. Mashauri ya talaka yangefuata, maana wengi wetu huku hudaiwa nakala iliyothibitishwa ya amri ya talaka tunapotaka kuoa tena au tunapomwombea mwenza mpya viza, na afisa uhamiaji hapokei maelezo kwamba masjala ilifungwa.

Hadi hapo, kwa aliyeko nje, njia inayofanya kazi ni hii. Mwandikie barua hakimu mfawidhi wa mahakama husika, si karani, ukitaja namba ya shauri na mwaka wake, jina kamili la marehemu au la wadaawa, wewe ni nani katika shauri hilo, na hati gani hasa unayoitaka, kwa maana anayeomba jalada zima hucheleweshwa kuliko anayeomba fomu moja. Sheria ya Mahakama za Mahakimu inairuhusu mahakama ya mwanzo kumkubali ndugu au mtu wa kaya yako akuwakilishe katika shauri la madai ukiomba hivyo, kwa hiyo mtaje katika barua hiyo hiyo na umpe nakala yenye sahihi yako aende nayo. Aombe barua igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na abaki na nakala yake, kwa sababu siku utakapolazimika kuomba muda wa ziada wa kukata rufaa, muhuri huo utaonyesha kwamba uliomba mapema.