Jina la mwisho nimelichoka jamani

Babu yangu, Mungu amrehemu, alizaliwa mwaka wa njaa wakamwita Matatizo. Sawa, njaa ilikuwa yao, ila mimi niliyezaliwa Temeke unga upo na sukari ipo, kwa nini niitwe Matatizo mpaka leo?

Maana kwetu jina la mwisho ni la babu tu, umempata umempata. Hospitali nesi anatoka na faili, anapaza sauti "Matatizooo!", benchi zima linanyanyuka. Nikaenda kukopa, dogo wa mikopo kasoma fomu, kaniangalia, kasoma tena. Siku ya harusi emsii anatangaza "tuwapokee Bwana na Bibi Matatizo", mama mkwe akaangua kilio, na sijauliza kilikuwa kilio cha nini.

Basi nikasema natafuta jipya. Wife anataka Baraka, nikamwambia kina Baraka mtaani wamejaa na mmoja ananidai. Tajiri? Mwenye nyumba akilisikia tu kodi imepanda. Nikajaribu Johnson, binti yangu akacheka mpaka akapaliwa na uji. Shangazi naye kapiga simu saa kumi na moja alfajiri, "unamfuta baba yangu?", anataka beberu mweusi wa kumuomba mzee radhi, na nauli ya kuja kumla.

Mobutu, yule rais wa Zaire, alikuwa na raha yake bwana. 1972 kaacha Joseph-Désiré, kajiita Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga, hakuna karani aliyemwambia kisanduku hakitoshi. Mimi hapa natakiwa kwenda kwa wakili aandike hati, wenyewe wanaita didi poli, isajiliwe kwa Msajili wa Hati, halafu ndo nianze kuzunguka nayo, NIDA, benki, TIN, leseni, laini ya simu, na cheti changu cha fomu foo ambacho panya wameshakula kona, kwa bahati mbaya si kona yenye jina.

Nikajikaza nikaenda. Wakili kafungua kompyuta, vidole tayari.

"Sababu ya kubadili jina?"

"Matatizo."

Akavua miwani, akanisogezea kiti. "Pole sana ndugu yangu. Matatizo gani?"

"Ya babu."

"Kakuachia madeni?"